Doli Aliyefungwa kwa Waya

Harufu ya plastiki mpya hunichefua hadi leo. Kuna watu wanaoipenda, wanasema ndiyo harufu ya zawadi. Juzi mwanangu aliletewa gari la kuchezea, na kabla hata sijalishika lile ganda gumu la pakiti yake, mate yalikuwa yameshanijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Nikakumbuka Disemba ile, tukikaa mtaa wa Huruma.

Tulikuwa wawili katika chumba kimoja, mimi na Mama. Mama alikuwa msusi. Disemba ndiyo iliyotulisha: wanawake waliokuwa wakienda nyumbani kwa Krismasi walijaa kwenye benchi nje ya mlango wetu tangu asubuhi, na vidole vya Mama vilikimbia vichwani mwao kana kwamba vina macho. Mwaka huo aliniletea doli kutoka duka kubwa la mjini. Nilikuwa nimemtamani kwa miezi, kila tukipita pale, naye akinitazama tu kutoka ndani ya plastiki yake.

Basi kazi ikawa kumtoa. Mama alijaribu kucha, akajaribu meno. Plastiki ilijikunja, ikalia kwa sauti ya kukera, ikarudi vile ilivyokuwa. Makasi yake ya nywele yaliteleza tu.

"Hii ni doli ama ni mahabusu?" akauliza, na wateja wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliona aibu. Niliamini akina mama wa West Indies, mtaa wa matajiri mjini kwetu, wanaonunulia watoto wao vitu kama hivi kila mara, wanajua pa kushika, na sisi tu ndio washamba.

Mama akachukua kisu cha kukatia sukuma wiki. Plastiki ikapasuka ghafla, na ukingo wake ukamchana mkono kati ya kidole gumba na kile kinachofuata. Damu iliingia ndani ya pakiti, ikatuama miguuni pa doli. Harufu hizo mbili zilichanganyika pale, ya damu na ya plastiki, na sijaweza kuzitenganisha tena.

Jirani yetu Mzee Wafula, fundi wa viatu, alimpeleka zahanati akashonwa. Waliporudi, Mzee akamalizia kuifungua ile pakiti kwa kisu chake cha kazi. Ndani tukakuta waya shingoni, waya kiunoni, waya kwenye vifundo vya miguu, na nywele zimeshonewa kwenye kartoni kwa uzi.

"Kwani waliogopa atatoroka?" Mzee akanung'unika. Alipomvuta, shungi zima likabaki kwenye kartoni. Doli wangu akatoka na kipara kisogoni.

Wateja walihamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara. Krismasi hiyo hatukwenda kwa nyanya. Mama alikaa kwenye benchi tupu, mkono umefungwa bendeji, mpaka siku moja akaniita, "Nafula, lete huyo kipara wako." Kwa mkono mmoja akanionyesha kugawa nywele zilizosalia, kushika mafungu matatu, kuvuta bila kuumiza. Kila nilipomgusa yule doli nilihisi kinyaa, lakini nilisuka.

Nilipokuwa mtu mzima nikaajiriwa kupanga bidhaa katika duka moja mjini. Siku moja, nikiwa upande wa vitu vya watoto na pakiti ya doli mkononi, nilimuuliza msimamizi wangu kwa nini hizi pakiti hazifunguki.

"Ni za wezi," akasema bila kuinua macho. "Mtu asichomoe kitu akatia mfukoni. Na hizo waya ni doli asimame vizuri, avutie."

"Na mteja je, akifika nyumbani?"

"Akifika nyumbani si ameshalipa?"

Kumbe hakukuwa na siri yoyote ambayo mama wa mtu mwingine aliijua. Mahali fulani watu walikaa wakamfikiria mwizi, wakaifikiria rafu ya dukani, wakaufikiria hata mkao wa doli. Mkono utakaofungua haukumpitia yeyote akilini. Nilirudisha ile pakiti mahali pake, nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, halafu nikanawa tena.