Jiwe la Buluu katika Kabati la Tshimanga

Sephora hakuiba kitu chuoni. Wanaosema aliiba, huku wakingoja mkate kibandani kwa Mama Suzanne, waulizwe kwanza walikuwa wapi Jumamosi ile. Hawakuwapo. Waliokuwapo ni wanafunzi tisa wa kemia, mwalimu wao msaidizi, na Madeleine, mama mzazi wa Sephora, mjane wa Tshimanga. Habari ishikwe kwa aliyeiona.

Madeleine alizaliwa Kambove, akasoma ualimu kwa masista, akapata diploma yake ya taifa kwa mara ya kwanza, bila kurudia. Alifundisha shule ya msingi Likasi miaka ishirini na saba. Hajawahi kuomba mtu amsomee barua. Mumewe alikuwa fundi kwenye mitambo ya kusaga mawe ya shaba, na mtaa wote ulimjua kwa jambo moja: kila jioni, kabla ya kuingia kwake, alivua buti getini, akazigonga moja kwa nyingine mpaka vumbi lote limwagike nje. "Mali ya kampuni inalala kwa kampuni," alisema. Katika mji ambamo nyumba nyingi zilipanda kwa vitu vilivyotoka kiwandani mifukoni, yake haikunyooshewa kidole. Alipofariki aliacha jina hilo, na kabati lenye koti lake la arusi.

Jumamosi hiyo Madeleine alifungua kabati ili koti lipate hewa, kwani kesho yake ilikuwa ibada ya kumkumbuka marehemu, mwaka wa tatu. Mama Suzanne alikuwa amekuja kusaidia kupanga viti. Nyuma ya koti, pale ambapo mkono wa mtu haufiki ovyo, palikuwa na bokali, chupa pana ya kioo. Ndani yake maji ya buluu, na katikati ya maji, kwenye uzi uliofungwa kijitini, jiwe la buluu lenye pembe kali kana kwamba limechongwa na fundi.

"Yesu wangu!" Mama Suzanne alirudi nyuma. "Mama Madeleine, iyi ni kitu gani weye iko nayo mu kabati ya marehemu?"

"Ni ya masomo ya Sephora," Madeleine alijibu upesi, asijue ni nini.

"Masomo gani inafungwa na kamba mu maji? Mie niliona kitu ya vile mara moja, kwa muntu mwenye kuita pepo. Ao basi ni jiwe ya bei. Batoto ya sasa, mama, banajua pahali ya kuuzisha."

Madeleine alifunga kabati, akamshukuru kwa viti, akamsindikiza mpaka getini. Kisha akarudi, akafungua tena, akakaa kitandani akitazama. Habari ya pepo hakuiamini. Lakini jiwe hilo lilikuwa nini? Mawe ya shaba aliyazoea tangu utoto. Yale ni ya kijani, yana udongo, hayana sura. Hili lilikuwa safi mno. Tena maji yale hayakuwa na tope hata kidogo. Jiwe lingetoka wapi? Alijaribu kulifikiria kwa utaratibu, kama alivyowafundisha watoto kufikiri, akajikuta amerudi palepale alipoanzia.

Ndipo akaona karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa bokali: L2/17. Katika shule yake kila dawati, kila rula ya ubaoni, hata kengele, ilikuwa na namba ya namna hiyo. Namba ndiyo iliyosema kitu ni cha shule; basi hiki ni cha chuo. Alimpigia Sephora simu. Ilikuwa imezimwa, kama siku zote akiwa maabara. Angeweza kungoja jioni. Lakini Mama Suzanne alikwisha kufika kibandani, na kibanda kile kina wateja.

Alivaa kitenge chake cha ibada, akaifunga bokali katika kitambaa cheupe, akatembea mpaka chuoni akiikumbatia. Njiani maji yalimwagika. Alipofika mlangoni mwa maabara, kitambaa na vidole vyake vilikuwa vya buluu, na ndani ya kioo kitu kilikuwa kikigongagonga.

Wanafunzi waligeuka, Sephora mmoja wao, amevaa koti lake jeupe. Madeleine hakumtazama. Alimwendea mwalimu msaidizi, kijana aitwaye Éphraïm, akaweka bokali mezani.

"Monsieur l'Assistant, nimerudisha kitu chenu. Mtoto wangu alikosea. Baba yake hakuwa mtu wa namna hii, mtu yeyote Likasi atakuambia. Naomba asifukuzwe."

Binti mmoja, Jessy, akashindwa kujizuia. "Eh, Sephora! Uliiba devoir, kazi yako mwenyewe ya masomo?"

Kicheko kikapasuka. Éphraïm alipiga meza mara moja, wakanyamaza.

"Maman, ikala kwanza kwa kiti," alisema. "Hapa hakuna mwizi. Ile njo kazi yake. Kila mwanafunzi eko na bokali yake. Tulibaambia bapeleke kunyumba, siku kumi na tano, pahali haitikisiki, sababu hapa meza inatikisika kila saa."

"Na hiyo namba?"

"L2 ni mwaka ya pili, kumi na saba ni namba yake ya mutihani. Haturuhusu majina, tusipendelee muntu."

Madeleine alikaa. Kumi na saba ilikuwa Sephora. Alielewa namba, lakini jiwe bado.

"Lakini ni nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sulfate de cuivre, maman, chumvi ya shaba."

"CuSO₄, maji matano," alisema Madeleine hapo hapo, kama aliyeitwa mbele ya ubao. Aliijua tangu darasa la nne la sekondari; sista aliiandika kwa chaki, nao wakaikariri, na katika mtihani alipata kumi na nane kwa ishirini. Shaba ilikuwa imemlisha maisha yake yote, na fomula yake alikuwa nayo kichwani miaka arobaini. Hakuna siku mtu alimwonyesha kitu chenyewe.

"Basi maman unaijua!" alisema Éphraïm kwa furaha.

"Naijua," alisema Madeleine. "Sikuwa nimeiona."

Éphraïm alijaribu kumweleza: maji ya moto hushiba chumvi ile, yakipoa na kupungua hayawezi tena kuibeba yote, nayo hujipanga kwenye uzi, chembe juu ya chembe. Madeleine aliitikia kwa kichwa. Chembe zilijuaje pa kupanga pembe? Hakuuliza. Éphraïm alikuwa amekwisha kulitoa jiwe kwa kibano. Lilikuwa limekatika vipande viwili.

Aliviweka vyote kwenye mizani. "Uzito tutauhesabu. Umbo, hapana. Siwezi. Ni alama tano anapoteza."

Sephora alisogea, akaukamata mkono wa mama yake wenye buluu, akaanza kuuosha bombani. Aliusugua kidole kwa kidole.

Jumatatu mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba binti wa Tshimanga alikamatwa na mawe ya chuo, na kwamba mama yake mwenyewe alikiri. Hilo la pili ni kweli, nalo ndilo lililoleta la kwanza. Maneno yale yalitoka kinywani mwa Madeleine, mbele ya watu kumi, na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Kwa hiyo Jumatano alikwenda kibandani saa ya mkate, wateja wakiwa wamejaa, akasimama.

"Sephora hakuiba. Jiwe lilikuwa lake, kazi ya masomo yake. Aliyesema aliiba ni mimi, na mimi nilikosea."

Mama Suzanne aliacha kupanga mikate. "Lakini mama, weye muntu ya masomo yote ile, ulikosea namna gani? Na yeye alisema nini kunyumba? Alipita ao hakupita?"

Madeleine alichukua mikate yake miwili.

"Mama Suzanne, nimesema hakuiba. Mengine ni ya nyumba ya Tshimanga."

Hayatasemwa kibandani, wala hapa.