Marudiano ya Mawifi

Mke wangu, fundi simu, huamka na hasira kama wengine wanavyoamka na njaa. Siku ya fainali aliamka na hasira mbili: ile ya kawaida, na ya kunikasirikia mimi.

Mashindano yetu ni ya sataranji, lakini watu hawachezi. Zinacheza programu tulizoandika wenyewe kwenye kompyuta, sisi tunatazama. Mwaka jana tulifanya ligi, kila programu na kila nyingine. Ilikuwa haki tupu na sare tupu. Watazamaji waliondoka mmoja mmoja, wa mwisho akaniomba radhi mlangoni. Mimi ndiye mwenyekiti, na kazi yangu ni kinyozi. Najua mteja akipiga miayo leo, kesho ananyolewa kwingine. Basi mwaka huu nikaamua: mtoano, mchezo mmoja tu, na kete zianze zikiwa zimepangwa hivi kwamba upande mmoja umeshabanwa. Nani abanwe, kura iamue.

“Hiyo si kura, ni hukumu,” mke wangu alisema. “Mpe kila mtu pande zote mbili.”

“Watu hawana subira ya marudiano.”

“Watu gani? Wewe ndiye huna.”

Kombe la mashindano hayo mke wangu alilitamani miaka na miaka, hata nafasi juu ya kabati alishalitengea. Fainali akakutana na wifi yake, dada yangu, nesi asiyekubali kushindwa hata kumenya vitunguu. Kura ikampa mke wangu upande mzuri. Programu ya dada yangu ikabanwa, ikakabwa, ikafa. Ukumbi ukapiga makofi. Nikanyanyua kombe nikiwa na furaha, maana ukumbi umejaa na nyumbani patakuwa na amani.

Mke wangu hakulipokea.

“Sijashinda mimi, imeshinda kura. Geuza pande.”

“Mama watoto, usinitie aibu.”

“Umejitia mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nichomwe na mimi tuone.”

Dada yangu akainuka. “Sitaki huruma yako, wifi.”

“Nani kakuhurumia? Kaa ucheze.”

Nilikasirika, lakini nikageuza pande. Waliokwishasimama kuondoka wakakaa tena. Walikuwa wameona mmoja alivyobanwa, sasa walitaka kuona mwenzake atajinasua vipi. Hakujinasua. Kila mmoja akawa na ushindi mmoja. Nikapanga mwanzo mwingine, nao ukachezwa pande zote mbili. Dada yangu akashinda kwenye upande mzuri. Kwenye upande mbaya programu yake iling’ang’ania kama kupe mpaka ikapata sare. Hakuna aliyepiga miayo. Kombe likaenda kwake.

Njiani nilimwambia mke wangu kwamba ametupa kombe kwa mikono yake mwenyewe.

“Halikuwa langu,” alijibu, na hasira zake zote zilikuwa palepale.

Siku hizi marudiano ni sheria, na wageni hunisifu mimi kwa kuyabuni. Juzi niliweka redio kwenye ile nafasi tupu juu ya kabati. Niliporudi kutoka kazini niliikuta sakafuni, na juu ya kabati pamefutwa vumbi.