Kisanduku cha Neno Moja

Pavlina Ostapivna alifundisha Kiingereza katika shule moja ya mji wa Berdychiv, Ukraina, kwa miaka arobaini na mmoja, na katika muda wote huo hakuna aliyemsikia akimsifu mwanafunzi. Kosa alilitaja papo hapo. Lililofanyika sawasawa alilipita kimya, maana kwake hiyo ndiyo kawaida, na kawaida haipigiwi makofi. Alama ya kumi na mbili, ya juu kabisa, hakuwahi kuitoa. Aliyejikakamua mno aliambulia kumi na moja na kurudi kwao akijiona mfalme. Ndivyo alivyolelewa. Mama yake alikuwa akitema mate mara tatu juu ya bega kila jirani alipomsifia mtoto, ili sifa isilete mkosi.

Cha kuchekesha ni kwamba neno alilolijua kuliko yote lilikuwa "good", yaani nzuri. Alilitengea boksi zima la viatu lililojaa kadi, kila matumizi na kadi yake: nyama ambayo haijaharibika, tiketi ambayo bado inafaa, mtoto aliyetulia, saa mbili na ushei za kungoja basi ("a good two hours"), mtu aliyeondoka asirudi tena ("for good"). Kwa Kiukraina kila matumizi yana neno lake, na wanafunzi walitoka jasho. Kwa hiyo kila kadi ilikuwa na sentensi ya mfano, na kila sentensi ilikuwa na jina la mwanafunzi. Nyama ilimwangukia Ostap, mtoto wa mwenye bucha.

Vuli hiyo alikuwa anastaafu. Darasa lake lingechukuliwa na Zoryana, mwanafunzi wake wa zamani, lakini kwanza ilibidi Zoryana afundishe somo la wazi mbele ya walimu wenzake. Alhamisi Pavlina alikaa nyuma kabisa, mkoba magotini. Watoto walikosea bila woga, wakasahihishana, wakacheka. Alitoka, akafika nyumbani, na kabla ya kuvua koti akaandika kadi moja mpya.

Jumamosi Zoryana alikuja kuchukua boksi, na maua saba ya krisanthemu mkononi. Tangu akiwa na miaka kumi na miwili alitamani sifa moja tu kutoka kinywa kile, na Pavlina alilijua hilo fika. Asubuhi hiyo Pavlina alikuwa ameichomoa ile kadi mpya boksini mara mbili na kuirudisha mara mbili. Alikuwa anaogopa, basi.

Alimwekea mgeni sahani ya varenyky, vibonge vya unga vilivyochemshwa na kujazwa cheri. Zoryana hakugusa.

"Alhamisi niliharibu wapi, Mwalimu?"

"Ubaoni mwandiko wako ni wa kuku anayeparua. Na yule Nazar wa dirishani hukumwuliza hata swali moja."

"Basi?"

"Viatu vyako vina kelele."

Zoryana alitabasamu kwa shida. "Miaka ishirini na miwili, Mwalimu. Hata leo?"

Pavlina aliweka mkono juu ya kifuniko cha boksi lililokuwa mezani. Bado angeweza kusema kadi hazijapangwa, kwamba atazileta mwenyewe Jumatatu. Kisha akalisukuma boksi upande wa pili wa meza.

"Zipitie kabla hujaondoka," alisema. "Sitaki kuambiwa kesho kuna iliyopungua."

Akageukia sinki na kuanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Nyuma yake kadi zilisikika zikipinduliwa moja moja. Zoryana alicheka alipomfikia Ostap na nyama yake. Halafu sauti ya kadi ikakoma.

Ile ya mwisho ilikuwa na tarehe ya Alhamisi. Ilisema: Zoryana ni mwalimu mzuri kuliko mimi.

"Mwalimu," Zoryana alisema, "kwa nini hujawahi kuniambia?"

"Nimekuambia. Si umeishika mkononi?"

Pavlina alipogeuka alimkuta analia, kadi ikiwa chini ya kidevu. Alimpenda binti yule kuliko wote aliowafundisha. Akachukua taulo ya jikoni, akamtupia.

"Usiilowanishe," alisema. "Sina nakala nyingine."