Chanjo Iliyopoa Upesi

Mwanangu, umeniambia humrudishi mtoto kliniki kwa chanjo inayofuata, kwa kuwa ile iliyopita haikumtia hata homa. Maneno yako yamenikumbusha siku moja pale Msambweni, bendera ya uhuru ikiwa bado haijapauka, nilipokaa mkekani nikilia kwa sababu kidonda changu kilikuwa kinapona.

Usinicheke, sikiliza kwanza.

Habari zilikuwa zimetufikia kwamba ndui imeingia kijiji cha Jego, na dada yangu Mejumaa ameipata, naye ana mtoto wa kunyonya. Desturi yetu zamani ilikuwa mgonjwa wa ndui auguzwe na mtu aliyekwisha kuugua akapona. Kwetu mtu huyo alikuwa shangazi yangu Mwanakombo, aliyejaa makovu usoni tangu utotoni. Alikuwa tayari kwenda, lakini uzee ulishamwelemea. Kuteka maji, kupika, kumgeuza mgonjwa na kumlea mtoto, yote hayo asingeyaweza peke yake. Alinitaka mimi tufuatane.

Mimi nilikuwa nimechanjwa nikiwa msichana. Mara ile mkono ulivimba, nikashikwa na homa, likatoka lengelenge la usaha lililoniachia kovu hili. Habari za Jego zilipokuja, wachanjaji walipita tena nami nikachanjwa upya. Safari hii pakawasha upesi, kikatoka kipele kidogo, na mara kikaanza kukauka.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikitazama akaguna.

"Mkaza mwanangu, hii haikushika. Mkono haukuvimba hata kidogo. Jego huendi."

Alinipenda sana, Mungu amrehemu, na kwa mapenzi hayo hayo akaleta ndimu na chumvi akanisugua pale pale ili chanjo iamke. Kilichoamka ni kilio changu tu. Maumivu niliyavumilia. Kilichoniliza hasa ni kumfikiria Mejumaa amelala kule, nami nimefungiwa nyumbani na kipele.

Shangazi alipoingia akanikuta katika hali hiyo, alimpokonya mavyaa ile ndimu. "Ndimu ni ya samaki," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, badala ya kulia si uende ukaulize? Anayekagua mikono yuko zahanati."

Tukaenda sote watatu. Dresa, mganga msaidizi wa pale, alilitazama kovu la zamani, akakitazama na kipele, akatabasamu.

"Imeshika vizuri, mama. Mara ya kwanza mwili wako haukuyajua maradhi haya, ukakawia na kuhangaika, ndiyo maana kidonda kikawa kikubwa. Baadaye ukatengeneza kinga nyingi, kisha ukazipunguza. Safari hii umeyatambua mara moja, na kidonda hakikupata nafasi ya kukua."

"Mbona mwili ulizipunguza?" nikamuuliza. "Si bora ungeziacha zijae?"

Shangazi akadakia kabla dresa hajafungua kinywa. "Ulipoolewa tulipika masufuria mangapi ya pilau? Tungepika vile kila siku, baba yako angebaki na nini? Wageni walipoondoka tulizima moto, tukarudisha masufuria ya watu. Lakini wapishi wapo, na kipimo cha mchele wanakijua."

Dresa akacheka, akasema ndivyo hasa. Akatueleza kwamba kinga zikiwa nyingi, zenyewe huuarifu mwili kuwa inatosha, maana mwili usiojua kuacha waweza kumdhuru mwenye nao. Siku hizi nyinyi mnaziita kingamwili. Kisha akaongeza kwa upole, "Ila miaka ikizidi, hata hao wapishi hupungua. Bila kukumbushwa kwa chanjo hii ya pili, nisingekuruhusu kwenda."

Tulipofika nyumbani mavyaa alinifungia unga na nazi, akaniambia niende kwa amani.

Niliogopa, sikufichi. Kule Jego kila asubuhi nilikuwa nikiikagua ngozi yangu kabla ya kuosha uso. Mtoto tulimkuta kwa jirani, ameshachanjwa, nikawa namlisha uji huku shangazi akimhudumia mama yake. Mimi sikupata hata kipele. Mejumaa akapona na makovu yake, na siku aliyoruhusiwa kumpakata mwanawe, shangazi alitoka nje akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Basi, mwanangu, usiipime chanjo kwa homa wala kwa uvimbe. Mwili ulionyamaza huenda umeshajifunza na sasa unapumzika. Ukiwa na shaka, waulize wanaojua, usibaki nyumbani ukijiamulia kama mavyaa wangu na ndimu yake. Na tarehe ya kurudi kliniki uiheshimu, kwa sababu ndiyo siku ya kuukumbusha mwili wa mtoto kile ulichoanza kukijua. Wewe pia, hofu ikishafanya kazi yake, iache ipungue. Huwezi kulea mtoto huku moto unawaka moyoni kila siku.

Mvishe mtoto twende, nitampakata mimi. Mwenyezi Mungu aujalie mwili wake kuyakumbuka yanayodhuru, na aujalie moyo wako kutulia yakishapita. Amina.