Gunia Chini ya Injini

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na gereji yake ilikuwa mabati matatu juu ya nguzo, kando ya soko la kambi, Kakuma. Kabla hajashika spana alitandaza gunia chini ya pikipiki, akalivuta kila pembe mpaka likanyooka. Chochote kilichotoka kwenye injini kiliwekwa juu ya gunia hilo.

"Wewe weka gunia kwanza," aliniambia. "Mchanga hapana rudisha kitu."

Nilimcheka kimoyomoyo. Mimi ni Mturkana, nimezaliwa juu ya mchanga huu. Nikiwa mtoto nilifuata nyayo za mbuzi aliyepotea mpaka nikamrudisha nyumbani. Leo mgeni anifundishe mchanga? Kiburi si maungwana, lakini nilikuwa nacho, tena tele.

Mwezi wangu wa nne, kaka yangu alileta pikipiki yake ibadilishwe pistoni. Kesho yake alikuwa ampeleke mama hospitali, Lodwar. Mama alikuwa amebaki na jicho moja linaloona, nalo lilikuwa linafifia, na madaktari wa macho, ambao huja kwa nadra, walikuwa wamebakiza siku moja tu. Ilikuwa Jumapili, fundi yuko kanisani. Nikaifungua injini peke yangu, uani kwetu, bila gunia.

Nilipokuwa narudisha pistoni, klipu ikaruka. Ni kipande cha waya kilichopindwa, kidogo kuliko pete ya mtoto, kinachozuia pini ya pistoni isichomoke. Nilipekua mchanga kwa vidole, nikauchekecha kwa chekeche la unga la mama. Sikuiona. Duka la vipuri lilikuwa limefungwa. Nikajiambia upande wa pili una klipu yake, itatosha. Injini iliwaka kwa kiki moja, kaka akanipigia makofi.

Sikusema kitu. Klipu hata fundi mkubwa huipoteza. Kunyamaza nilichagua mwenyewe, na hilo linaniuma hadi leo.

Injini ilikwama katikati ya safari, mahali hapana kivuli wala mtandao. Pini ilikuwa imechomoka, ikachimba silinda. Walikaa juani mpaka lori lilipowaokota jioni. Walipofika Lodwar, madaktari walikuwa wameshaondoka. Madaktari hao waliporudi miezi kadhaa baadaye, walimwambia mama kwamba jicho haliwezi kuokolewa tena.

Nilimwambia mama ukweli nikiwa nimepiga magoti, nalia. Aliniuliza gereji iko umbali gani kutoka nyumbani.

Sasa huja nami kila asubuhi, ameshika bega langu. Wateja humsalimia kwa Kiturkana, "Ejok," naye huwaitikia. Nikishafunga injini, siwashi. Mama huinama akapitisha vidole juu ya gunia lote, polepole, kama anayechambua maharagwe.

"Gunia iko tupu," huniambia. "Washa."

Juzi vidole vyake vilisimama. Akaokota washa moja ndogo, ile pete bapa inayokaa chini ya nati, akaninyooshea kiganja.

"Hii imebaki. Fungua tena."

Mwenye pikipiki alikuwa kijana wa boda. Akalalamika kwamba abiria wanamngoja, yeye ana haraka.

"Hata mimi nilikuwa na haraka siku ile," mama akamwambia.

Nikachukua spana, nikaanza kufungua.