Makofi kwa Askari wa Koko

Tuliondoka kambi ya wakimbizi kwa basi, tukalala Kigoma mjini, tukaruka mpaka Dar es Salaam, kisha Nairobi, kisha safari ndefu ya angani mpaka Brussels. Muda wote huo kila mmoja wetu alikuwa amening'iniza shingoni mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zake, na tulikuwa tumeonywa tusiuvue hata chooni. Mimi nilikuwa Mrundi niliyezaliwa na kukulia Tanzania. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijua Kiingereza cha vitabuni, kwa hiyo kundi zima lilinikabidhi kazi ya kuuliza vyoo viko wapi. Niliifanya kwa bidii sana.

Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa bibi mmoja Mkongo kutoka milima ya Kivu. Wakongo wenzake walimwita Koko, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliogopa ndege ilipopaa, akanishika mkono, na ilipotulia akaniambia nina mikono laini kama ya karani.

Brussels tulisubiri ndege nyingine karibu siku nzima. Ilikuwa Novemba, tarehe kumi na moja. Kwenye televisheni ya ukutani alionekana bwana mrefu mwenye koti jeusi, akitembea polepole kati ya askari waliosimama wima. Alipewa maua, akayaweka chini, akainamisha kichwa.

"Ule ni nani?" Koko akauliza.

Mimi sikujua. Aliyejibu alikuwa mfagiaji wa pale uwanjani, Mkongo pia, aliyekuwa anapiga deki karibu na miguu yetu. "Ule ni mfalme wa Babelgiji, mama. Kila mwaka siku ya leo anawekaka maua kwa kaburi ya soldat moja, askari. Ile soldat hawamujui jina."

"Hawamujui?"

"Alikufaka ku vita. Jina ikapotea."

Koko akaitazama televisheni kwa makini. "Bon. Kama hawamujui, banajuaje siyo baba yangu?"

Mfagiaji alicheka mpaka akaegemea fagio lake. Koko hakucheka. Alitueleza kwamba baba yake alichukuliwa na jeshi la Wabelgiji kwenda vita vya Uhabeshi wakati yeye yuko bado tumboni mwa mama yake. Wabelgiji walitaka vijana, wakamwambia mwami, yaani mfalme wa milima yao, atoe vijana, na mwami akatuma mjumbe nyumba kwa nyumba. Baba yake aliondoka na wenzake. Wenzake baadhi walirudi, na yeye hakurudi, wala hakuna mtu aliyekuja kusema chochote. Mfalme hakusema kitu, na mwami hakusema kitu.

"Mfalme eko mbali," alisema. "Lakini mwami alitujua. Alikula kwetu."

Hapo uwanjani, tukiwa na mifuko yetu shingoni, nilielewa kitu anachokitaka bibi huyu duniani: nyumba ya mwami iliyomtuma baba yake ije, isimame mbele za watu, iseme kwamba ilimtuma.

Louisville, Amerika, walitupokea kwa mablanketi na kuku aliyegandishwa kama jiwe. Tulipangiwa majengo yanayotazamana, mimi na vijana wenzangu huku, Koko na binti yake kule. Mimi nilipata kazi kwenye ghala la vifurushi. Kila Novemba, nikitoka kazini, nilimkuta Koko ananisubiri ngazini na kanga mbili mabegani, nimtafutie mfalme kwenye simu. Tulimtazama tukinywa chai.

"Mwaka huu ameinama muzuri," alisema. Au: "Leo alikuwa na haraka. Pengine supu ilikuwa mezani."

Mwaka mmoja nilimwonyesha na wa Uingereza. Kule inakuja familia nzima. Wanaume wanabeba maua, wanawake wamesimama juu barazani na nguo nyeusi, ua jekundu kifuani. Koko alitaka nirudie mara tatu.

"Hawa ndio banajua kulia musiba," akasema. "Banakuja na bibi, na batoto, na wakwe. Musiba ya mutu moja siyo musiba. Sasa siye kwetu je? Mwami wetu aliwekaka maua wapi?"

Sisi Warundi nasi tulikuwa na mwami zamani, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunisimulia kwamba alienda kwenye kaburi la mtu.

Mimi ni mtu wa kuondoka. Nikizoea duka, nikimjua muuzaji na yeye akanijua, miguu inaanza kuwasha na ninaanza kupakumbuka nilikotoka. Louisville nilipaacha, nikaenda Columbus, nikapanga chumba jirani na chuo kikuu kikubwa, katika nyumba ya wanafunzi wa Kiafrika ambako jikoni kulikuwa na masufuria mengi na hakuna aliyekiri kuyachafua. Nilikaa pale miaka kadhaa nikifanya kazi jikoni kwenye kantini ya hospitali, na nikapakumbuka Louisville, mahali ambapo nilipokuwa huko sikupapenda.

Siku moja Koko akanipigia simu. Alikuwa amehamia Buffalo kwa sababu mkwe wake alipata kazi kiwandani huko.

"Nimemupata!" akapiga kelele.

"Nani, Koko?"

"Mujukuu wa mwami! Wa damu! Eko hapa Buffalo, anaendesha ile gari ya meno inabebaka makartoni!"

Mkenya niliyepanga naye alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, akisikiliza. Nilipomweleza, aliliweka bakuli chini. "Bosi, prinsi anaendesha foklifti? Sasa wewe unangoja nini hapa?"

Nilifunga virago wiki hiyo hiyo.

Buffalo nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya binti yake Koko, mtaa wa Lower West Side, na nikaandikwa kazi katika kiwanda kile kile alikofanya kazi huyo mjukuu, ambaye wote walimwita mwana wa mwami. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye sauti ndogo na viatu vilivyong'arishwa hata akiwa kazini. Wakongo pale kiwandani hawakumhurumia hata kidogo.

"Mwami, toka ku mulango, raia banapita!"

"Altesse, mutukufu wetu, umesahau palette yako hapa, ama tukuite mujumbe aibebe?"

Naye alijibu kwa upole, "Nitawakata vichwa bote, subirini tu zamu iishe," na kuendelea kupanga maboksi.

Vuli ile mji ukazialika jumuiya zote zilizohamia kushiriki siku ya kuwakumbuka askari, kando ya ziwa kwenye mnara wa mashujaa. Kila jumuiya ilete shada lake. Mchungaji alitangaza kanisani, akauliza nani ataweka la kwetu. Koko alisimama kabla swali halijaisha.

"Wafalme ya Bazungu banaweka benyewe, na mikono yao. La kwetu aweke mwana wa mwami."

Kanisa zima likashangilia, Wakongo kwa Warundi. Hata mimi nilishangilia. Tulikuwa tumeona kwenye simu jinsi wafalme wanavyofanya, tukadhani wafalme wote ni sawa. Mwana wa mwami peke yake ndiye aliyekuwa ameinama anatazama viatu vyake.

Kesho yake, wakati wa chakula, alikuja kukaa mezani kwangu.

"Donc, weye unakaa na ule mama," akasema. "Umwambie siwezi."

"Kwa nini, mzee?"

"Siye batu ya nyumba ile hatusimamaka na kifo. Baba yangu hakumuzika hata mama yake muzazi. Mwami akikaribia kaburi, inchi inakauka. Mutu akifa, hatuambiwi hata neno lenyewe, tunaambiwa kwa kuzunguka. Mimi, mpaka leo, bibi yangu, mama ya batoto, akienda matanga, mi nabaki nyumbani na televizio." Akafunua sahani yake ya maharage, akaifunika tena. "Batanicheka, najua. Prinsi wa foklifti anaogopa maua."

"Na Koko?"

"Ndiyo shida. Ni babu yangu alimutuma baba yake. Hiyo kwetu inajulikana. Hatujakataaka."

Nilimfikishia Koko ujumbe jikoni, akiwa anasonga ugali. Nilitegemea atakasirika. Aliendelea kusonga, mwiko ukigonga sufuria.

"Baba yangu hana kaburi," akasema hatimaye. "Kule kwa ziwa iko jiwe tu. Anaogopa jiwe?"

"Anaogopa kukosea mila, Koko."

"Babu yake hakuogopa kukosea." Kisha, kwa sauti ya chini, "Basi nitabeba mwenyewe. Lakini mi nimebebaka yule baba peke yangu tangu nizaliwe."

Siku ya sherehe upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio, na theluji nyepesi ilianguka kana kwamba mtu anapepeta unga. Wazee wa Kimarekani walikuwa wamejipanga kwenye viti na kofia zao za jeshi, wamefunikwa mablanketi magotini. Tarumbeta ikapigwa. Ukaja ukimya. Jumuiya zikaitwa moja moja. Mwana wa mwami nilikuwa nimemwona. Alisimama mbali kabisa, upande wa maegesho ya magari, amevaa suti ya kijivu na kofia, kama mtu anayesubiri basi.

Tulipoitwa sisi, Koko alilishika shada. Lilikuwa kubwa kama gurudumu na upepo ulilivuta kama tanga. Nilitaka kumsaidia, akanitazama kwa jicho ambalo lilinirudisha nilipokuwa. Akaanza kwenda, hatua ndogo ndogo, na mnara ulikuwa mbali.

Alipofika katikati nikaona ile suti ya kijivu inakuja. Alitembea haraka kwanza, halafu polepole. Hakwenda kwenye jiwe. Alikwenda akasimama mbele ya Koko, jiwe likiwa pembeni yake, akavua kofia. Theluji ikamwangukia upara. Kisha akapiga goti moja kwenye maji ya theluji, na akaanza kupiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo kama bakuli.

Wakongo waliokuwa karibu nami waliguna wote kwa pamoja. Mama mmoja alinishika kiwiko akanieleza kwa haraka: hivyo ndivyo raia wanavyomsalimu mwami. Mtu wa nyumba ya mwami hapigi makofi hayo. Yeye hupigiwa.

"Baba yako tulimutuma siye," alisema mwana wa mwami. Sauti yake ndogo ilisikika vizuri kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anasema. "Hakurudi, na hatukuja kukwambia. Leo nimekuja."

Na aliendelea kupiga makofi.

Hapo ndipo mzee mmoja Mmarekani wa mstari wa mbele, ambaye bila shaka hakuelewa hata neno, alipodhani huu ndio wakati wa kushangilia. Akaanza kupiga makofi naye. Jirani yake akamfuata, kisha mstari mzima, kisha umati wote, wanajeshi, maofisa wa mji, watoto wa shule, sherehe nzima ya ukimya ikalipuka makofi. Mwendesha shughuli alishika maikrofoni bila kujua la kusema. Koko aligeuka akawatazama, maua mikononi, na uso wake ukafunguka kabisa. Akaenda akaliweka shada kwenye jiwe mwenyewe, bila haraka, akalinyoosha utepe, akarudi.

"Umeona?" aliniuliza alipofika. "Bazungu bote banamupigia baba yangu makofi ya mwami. Hata mfalme wa Babelgiji hakupata hiyo."

Mwana wa mwami alikuwa anajaribu kuinuka na goti limekataa. Tulikwenda wawili kumnyanyua, naye alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Inchi ikikauka," akasema, "muambie batu ni baridi ya Buffalo."

Tulikula nyumbani kwa Koko mchana ule, mikate ya kukaanga na samaki, na mwana wa mwami alipewa kiti chenye mto. Mimi nilikuwa na furaha ambayo haikutaka kutulia. Koko aliliona hilo. Alinisogelea na sahani.

"Weye baba yako eko wapi?"

"Alifia kambini, Koko. Kaburi liko kule, nyuma ya shule."

"Unaijua mahali?"

"Ninapajua hata nikifunga macho."

"Na unazungukazunguka Amerika kama nzi! Mi ningejua mahali, ningekuwa nimekwenda na miguu."

Majira ya kiangazi yalipofika nilikuwa nimenunua tiketi ya kwenda Kigoma, bila ya kurudi. Nilikuwa nimehama mara nyingi bila kuagwa. Safari hii nilitaka kuagwa. Asubuhi ya kuondoka, mwana wa mwami alikuja na gari lake kunipeleka uwanja wa ndege, na kwa sababu tulikuwa na muda, Koko akatukalisha jikoni tunywe chai.

Nikamwuliza, kwa kuwa sikuwahi, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Alishusha kikombe. Akatazama mlango, akamtazama mwana wa mwami, akaanza kucheka peke yake.

"Mama yangu alinikatazaka kusema. Lakini sasa nyumba imekuja kusema yake, na mi nitasema yangu. Unajua kwa nini mjumbe alikuja kwetu kwanza? Baba yangu aliingiaka usiku nyuma ya nyumba ya mwami, akakunywa pombe yote ya ndizi ya sikukuu. Asubuhi balimukuta amelala ndani ya mutungi, kichwa ndani, miguu inje."

"Koko!" Mwana wa mwami aliruka kitini. "Pombe ya sikukuu? Kwetu balisema ni nyani ilikunywa!"

"Nyani yenye suruali?"

"Balifukuza mulinzi juu ya ile pombe! Mulinzi alikuwa mujomba wa baba yangu!"

"Bon, basi piga goti tena, tumulilie na mujomba."

Nililichukua begi langu mwenyewe nikashuka ngazi. Nikalipakia kwenye gari, nikaegemea mlango, nikasubiri. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Huko juu bado walikuwa wanabishana mtungi ulikuwa na ukubwa gani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka ya kunipeleka.