Asubuhi Niliposhindwa Kumaliza Kengele

Kengele ya kigango chetu ni rimu la lori linaloning'inia kwenye mkaratusi, na kwa miaka mingi mgongaji nilikuwa mimi. Saa kumi na mbili kamili: tatu, kimya; tatu, kimya; tatu, kimya; kisha tisa mfululizo, watu wasali Malaika wa Bwana na kuanza siku. Hakuna aliyenilipa, na hakuna niliyemruhusu kuligusa. Mimi ni mbishi tangu utoto.

Kila siku kabla ya kugonga nilivuta sigara moja pale mtini, nikiwa nimeipa nyumba mgongo. Mke wangu nilimwambia nimeacha tangu Kwaresima, na kwa kuwa hakuuliza tena, nikaona yamekwisha.

Mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ikiwa imekaza, nilimaliza tatu za mwisho, kitu kikanibana katikati ya kifua. Hakikuchoma, kilikaba. Kikapanda hadi tayani, kikashuka mkono wa kushoto, na jasho likanitoka katika baridi ileile. Niliukumbatia mti. Nasema kweli, niliogopa. Baada ya dakika chache kikaachia, nikagonga tisa zangu. Siku hiyo nilibeba magunia ya mahindi hadi jioni, kifua kimya kabisa.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Mtu wa moyo mbovu atabebaje gunia? Zahanati nilieleza zaidi habari za tumbo kuliko za kifua, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nikazimeza, na kifua kikaendelea kunibana kila baada ya siku mbili tatu, daima alfajiri, daima pale mtini. Nikawa nasimama katikati ya kugonga, nimeshika shina, kisha namalizia.

Wiki ya saba nilifika ya sita katika zile tisa, nikaanguka pale mtini. Wa kwanza kufika alikuwa mke wangu, miguu mitupu, kabla sijaita mtu. Aliniinua. Alisema, "Baba, leo tunakwenda mjini."

Hospitalini Sumbawanga, saa nne asubuhi, kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kitu. Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa pili, alinipa shikamoo yangu vizuri, halafu akaanza kunichimba. Kinauma saa ngapi? Ukiwa unafanya nini? Unavuta sigara?

Mke wangu alikuwa ameketi pembeni, kikapu mapajani.

"Hapana," nikasema.

Aliandika. "Kwa sasa moyo wako haunionyeshi neno, baba. Nataka kuuona ukiwa unauma. Utalala hapa, na ukibanwa hata kidogo usivumilie, mwite muuguzi."

Asubuhi mbili nilizipitisha ndani ya mablanketi ya wodi, kifua kimya. Daktari akasema kesho pakiwa kimya tena nitakwenda nyumbani. Ningefurahi, lakini nilikosa usingizi. Nikirudi na karatasi safi nitarudi mtini, na siku moja sitamaliza. Nilijua kilichokosekana pale kitandani: baridi na ile sigara. Moja ilikuwa imebaki mfukoni mwa koti.

Nilichofanya ni upumbavu, na asiniige mtu. Ningesema ukweli tu, yakaisha. Badala yake, alfajiri ya tatu nilitoka hadi nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia nguo, nikaiwasha ile sigara. Sikufika nusu. Kilikuja kwa nguvu kuliko siku zote. Mlango ulikuwa hatua chache tu, nikauona uko mbali kama kutoka Sumbawanga hadi Mwimbi. Nilitembea nimeshika ukuta mpaka nikamwona muuguzi, nikamwonyesha kifua kwa mkono.

Walinibandika nyaya, mashine ikatoa karatasi. Daktari akaniambia nifungue mdomo, akaweka kidonge kidogo chini ya ulimi. Nilisubiri nikitazama dari, nikisali sala isiyo na maneno. Kikaanza kulegea. Akapima tena, akaziinua karatasi mbili dirishani: katika ya kwanza mstari ulikuwa umepanda kilima, katika ya pili umerudi chini.

"Ulikuwa unafanya nini nje, baba?"

Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni na chupa ya uji. Nikaona nikidanganya tena nitadanganyia kaburini.

"Navuta sigara. Sikuacha."

Daktari hakunigombeza. Alisema mshipa unaolisha moyo wangu hujikaza wenyewe, damu ikakosa njia, kisha hulegea. Ndiyo maana gunia halikunidhuru na mchana kipimo huwa safi. Moshi na baridi ya alfajiri ndivyo vilivyouchokoza. Baadaye nilipelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa, wakaipiga mishipa picha, wakaikuta haijaziba. Nikapewa vidonge vya kuilegeza, vya kumeza kila siku, na vile vya chini ya ulimi nitembee navyo. Sigara, marufuku.

Lakini asubuhi ile wodini, daktari alipotoka, nilimwomba mke wangu msamaha.

"Sigara nilijua, pua ninayo," akasema, akimimina uji. "Mimi nilikuwa nahesabu kengele. Kila asubuhi naacha kukoroga mpaka nisikie ya tisa. Wiki ya kwanza nilikuuliza mbona inakatika. Ukanijibu rimu lina ufa."

Nilikumbuka. Nilimjibu hivyo, tena kwa ukali.

Sasa anagonga yeye. Mimi hubaki ndani hadi jua lipande. Juzi nilikuwa nimelala nikihesabu: tano, sita, saba. Kisha kimya. Nilingoja. Kimya. Nilijikuta mlangoni, blanketi limeanguka nyuma yangu, miguu mitupu kwenye umande. Ndipo ikaja ya nane, na ya tisa.

Aliporudi alinikuta nimekaa kizingitini, nalia.

"Ulinyamaza baada ya saba," nikamwambia.

"Nilikuwa najifuta kamasi, Baba. Kuna baridi." Aliokota blanketi, akanifunika mabegani. "Mimi nilihesabu hivyo wiki saba."

Akaingia jikoni kukoroga uji.